Mwizi wa Kikosi: Jina la Tisa

Kidole cha Lorna Dudek bado kiko pale tulipokiacha wiki iliyopita, juu ya kioo cha kompyuta, kimeliziba jina la tisa.

Kwa msomaji anayeungana nasi leo, mambo yako hivi. Kila Jumamosi katika mji wa Toledo, Lorna, shemeji yake Ferris na jirani yao Odessa huchagua wachezaji kumi wa besiboli kwa ajili ya kikosi cha Lorna katika mchezo wa mtandaoni. Wachezaji ni wa kweli na mechi ni za kweli, ila kikosi ni cha kubuni. Kila mchezaji amewekewa bei, na bei za wote kumi haziruhusiwi kuvuka kiwango. Mchezaji akifanya vizuri uwanjani, aliyemchagua anavuna pointi. Na hakuna anayeweza kuona kikosi cha mwenzake mpaka mpira wa kwanza urushwe.

Hata hivyo, kwa Jumamosi mbili mfululizo, mtu anayejiita Bundi41 aliingiza kikosi kilekile cha Lorna, jina kwa jina.

Basi kuna anayenong'ona. Ndiyo maana asubuhi hiyo Lorna alitega mtego. Alimpigia simu Ferris akamwambia kwamba mlinzi wa kati, jina la tisa kwenye orodha, atakuwa Tavarez. Alimpigia Odessa akamwambia atakuwa Brandvold. Yeye mwenyewe akaingiza jina la tatu. Jina litakalotokea kwa Bundi41 ndilo litakalomtaja msaliti.

Sasa ilikuwa saa saba na dakika kumi mchana. Mpira wa kwanza ulikuwa umesharushwa huko Milwaukee, na vikosi vyote vilikuwa wazi, cha Bundi41 kikiwa mbele yake.

Lorna akaondoa kidole.

Ocasio.

Hakuwa Tavarez wala Brandvold. Alikuwa Ocasio, lile jina la tatu ambalo Lorna hakumwambia hata mmoja wao, mchezaji aliyekuwa amekaa nje siku kumi na mbili kwa ajili ya goti, ambaye watu wengi walikuwa wameshamsahau.

Nyuma yake kiti kililia. Ferris, mtu mnene wa karakana ya matairi, aliinama kutazama, mkate wenye soseji ukiwa mkononi.

"Ocasio?" akasema. "Si uliniambia Tavarez?"

"Mimi aliniambia Brandvold," akasema Odessa kutoka kwenye sinki.

Ferris hakuwa mwepesi wa hesabu, lakini hesabu hii haikuhitaji kalamu.

"Kwa hiyo ulitutegea."

Lorna alijaribu kueleza. Alisema hakuwa na njia nyingine. Alisema siri ilikuwa inavuja, na wanaoijua ni wao watatu tu, na fainali ni Jumamosi ijayo. Kila alilosema lilizidi kumfanya aonekane vibaya, na yeye mwenyewe alilisikia hilo.

"Miaka ishirini na sita nakuita shemeji," Ferris akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Lorna kuliko makelele. "Mumeo, kaka yangu, alipoanguka bafuni, nani alimbeba mpaka kwenye gari? Leo mimi ni wa kutegewa kama panya."

Akaweka mkate mezani, akavaa kofia yake ya timu ya Detroit, akatoka. Walisikia gari likiwaka, kisha likipotea mtaani.

Odessa alikuwa anaosha kikombe. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, na kwa kawaida jambo kama hili lingemchemsha. Leo hakuchemka.

"Umemuumiza," akasema tu.

"Na wewe hujaumia?"

"Mdogo wangu, nimefundisha miaka thelathini na nne. Nimeshadhaniwa mengi."

Akaendelea kuosha. Lorna akakitazama kile kikombe. Kilikuwa safi tangu mwanzo.

*

Jioni matokeo yalitoka. Ocasio aliupiga mpira nje ya uwanja mara mbili, pigo lenye pointi nyingi kuliko yote. Kikosi cha Lorna kikashika nafasi ya nne, na nafasi hiyohiyo, pointi kwa pointi, kikakaa kikosi cha Bundi41. Wote wawili wakaingia fainali.

Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Zawadi ya fainali ilitosha kufanya jambo moja tu ambalo Lorna alikuwa akilitaka mwaka mzima: kupanua milango ya nyumba, kujenga bafu la kuingia na kiti cha magurudumu, na kumtoa mumewe Caz kwenye kituo cha wagonjwa. Lakini vikosi viwili vikifungana, zawadi hukatwa katikati. Nusu ya bafu haina maana kwa mtu yeyote.

Siku ya Jumatatu, kiwandani, Lorna alikaa mbele ya mkanda wa vioo vya magari akitafuta nyufa kama kawaida, huku akili yake ikitafuta kitu kingine. Jina la Ocasio lilitoka mdomoni mwake lini?

Mara moja tu. Jumamosi, saa tatu asubuhi, kituoni, chumba namba kumi na nne.

Kioo chenye ufa kikampita, msimamizi akapuliza filimbi.

Casimir Dudek, Caz kwa wote waliomjua, alikuwa kocha wa besiboli wa shule ya sekondari kwa miaka ishirini. Alimfundisha mkewe kila alichokijua: tazama upepo, tazama mkono anaorushia mrushaji, usimwamini mchezaji mpaka umwone kwenye orodha ya wanaoanza. Mwezi wa Januari kiharusi kilimchukulia upande wa kulia na sauti. Madaktari walisema hawajui anaelewa kiasi gani. Hata hivyo kila Jumamosi Lorna aliketi kando ya kitanda akamsomea majina kumi, naye Caz akatazama dari.

Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mwingine anayesikiliza. Sasa aliwahesabu. Kulikuwa na Kermit Boyle, mhudumu wa zamu ya asubuhi, mwenye kalamu sikioni, ambaye kila akiingia chumbani huandika kitu. Na kulikuwa na mzee Prentiss, mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye Lorna hakuwahi kumwona vizuri kwa sababu ya pazia, bali alisikia redio yake tu.

Mmoja wao ni bundi, akajiambia. Na siku ya Alhamisi akaomba ruhusa kazini.

*

Alhamisi kulikuwa na mechi za mchana, na mchezo wa mtandaoni nao ulikuwa wazi kwa vikosi vya siku hiyo. Lorna aliingia chumba namba kumi na nne saa tano, akambusu Caz kwenye paji la uso, akatoa daftari. Kermit alikuwa anabadilisha jagi la maji. Alipomaliza akachomoa kalamu, akaandika kwenye kadi.

"Unaandika nini?" Lorna akauliza.

"Maji, mama. Glasi ngapi amekunywa."

"Naweza kuona?"

Kermit alimtazama kidogo, kisha akampa kadi. Ilikuwa glasi. Glasi za Jumatatu, glasi za Jumanne, na pembeni alama ya siku ambayo Caz alikataa supu. Lorna akairudisha bila kumtazama machoni.

Kermit akatoka, na Lorna akaanza kusoma orodha ya uongo.

Alikuwa ameipanga kwa makusudi. Alimweka mrushaji Hallquist wa Cleveland, na pamoja naye akaweka wapigaji watatu wa Kansas City, timu ambayo Hallquist angekabiliana nayo mchana huohuo. Mtu asiyejua mchezo asingeona kosa. Anayejua angeshtuka, maana Hallquist akifanya vizuri, wale watatu wanakufa, na wale watatu wakifanya vizuri, Hallquist ndiye anayekufa. Ni kujipiga kofi kwa mkono wako. Usimchague mrushaji pamoja na wapigaji atakaowarushia: hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ambayo Caz alimfundisha.

Alisoma polepole, akiwa ameelekeza sikio kwenye pazia.

Kwa jina la tatu la Kansas City, redio ikapunguzwa sauti.

"Bibie," ikasema sauti nzito kutoka upande wa pili, "huyo Hallquist atawameza hao watatu wako kabla ya saa nane."

Lorna akasimama akalivuta pazia mpaka pete zikagongana. Mzee mwembamba mwenye nyusi nyeupe alikuwa ameketi juu ya mito, redio tumboni.

"Kumbe unasikiliza."

"Nina masikio, na hili ni pazia tu."

"Tangu lini?"

"Tangu waliponileta. Unasoma vizuri. Wiki ile ya Ocasio nilikupigia makofi moyoni."

"Bundi41 ni wewe."

Prentiss aliinua mikono yake miwili akaiweka hewani mbele ya Lorna. Ilitetemeka kama majani.

"Hii haiwezi kushika kijiko," akasema. "Kermit ndiye anayenilisha. Lakini kama unamtafuta anayebonyeza kutwa, ningekuwa wewe nisingesimama hapa. Ningegeuka."

Lorna akageuka.

Blanketi la Caz lilikuwa na mwanga chini yake. Mwanga mdogo, wa buluu, karibu na mkono wa kushoto, ule mzima. Caz alikuwa anatazama dari, lakini anaitazama kwa nguvu mno, kama mtoto anayejifanya amelala.

Lorna akafunua blanketi.

Kilikuwa kishikwambi. Juu ya kioo chake kulikuwa na majina kumi, yaleyale aliyoyasoma dakika mbili zilizopita. Matatu ya Kansas City yalikuwa yamepigwa mstari. Kidole cha Caz kilikuwa bado juu ya la mwisho.

Kisha kidole kikaanza kusogea. Herufi moja, kupumzika, herufi nyingine. Ilichukua karibu dakika nzima.

KANUNI YA KWANZA.

Lorna akakaa chini, si kwenye kiti, bali kwenye ukingo wa kitanda, juu ya mguu wa mumewe usio na hisia. Cheko lilimtoka na halikufika mwisho, likageuka kitu kingine.

"Unanisikia," akasema.

NDIYO.

"Siku zote?"

NDIYO.

Alitaka kumkumbatia. Alitaka pia kumpiga. Miezi minane alizungumza na mtu huyu kama anavyozungumza mtu peke yake garini, na mtu anapozungumza peke yake hachagui maneno. Kulikuwa na siku moja ya mwezi wa Agosti, ametoka kazini amechoka, ambapo alimwambia kwamba kuna asubuhi anatamani simu ipigwe kutoka hapa, iwe imekwisha, apumzike.

"Ile ya Agosti," akauliza. "Uliisikia?"

Kidole kilisita.

NDIYO.

Lorna akatazama dirishani. Nje mtu alikuwa anakata nyasi. Alipohisi mkono wa Caz umeushika wake, hakuuvuta wala hakuubana.

Akauliza kwa nini hakumwambia, na jibu likaja kwa vipande: NILITAKA KUSEMA KWA MDOMO KWANZA. Akauliza kwa nini kuiba kikosi chake, wakati yeye ndiye aliyemfundisha kupanga. Caz akaandika kwamba wiki ya kwanza alipanga chake mwenyewe, akawa wa tisini na moja. UMENIPITA. Na baada ya pumziko refu: POINTI ZIKILINGANA MAJINA YANAKAA PAMOJA.

Ilikuwa kweli. Kwenye jedwali, waliofungana huandikwa mmoja chini ya mwenzake. Kwa Jumamosi tatu, mtu na mkewe walikuwa wamekaa mstari kwa mstari, na mke akawa anamtafuta mwizi.

"Ferris ameondoka," Lorna akasema. "Nimemfukuza ndugu yako kwa sababu yako."

Caz akafumba macho.

"Na hiki kitu nani amekuletea?"

Hakuhitaji kungoja herufi zote. O, D, E zilitosha.

*

Odessa alifika kabla ya saa nane mchana, akiwa na mkoba wake mkubwa. Alimwona Lorna, akaona kishikwambi kikiwa wazi juu ya blanketi, akavuta kiti bila kuambiwa.

Alisema yote kwa pumzi moja. Mwezi wa Julai, mwalimu wa kuzungumza anayekuja hapa alimwambia kwamba Caz anafuata mazungumzo. Odessa akanunua kishikwambi. Caz akamwapisha asimwambie Lorna mpaka aweze kumwita jina kwa mdomo wake. Hakuna jina la kikosi lililotoka kwa Odessa hata siku moja, hilo Lorna alijue. Siri aliyoitunza ilikuwa moja tu.

"Ndiyo maana ulikuwa unaosha kikombe kisafi," Lorna akasema.

"Ungetaka nifanye nini? Nikutazame usoni?"

Walikuwa wanaanza kuelekea kusameheana, au kugombana vizuri, wakati simu ya Lorna ilipotoa mlio. Ujumbe ulikuwa wa waendeshaji wa mchezo.

Alisoma mara mbili, kisha akampa Odessa asome kwa sauti, maana alidhani macho yake yanamdanganya. Kikosi cha Lorna Dudek na kikosi cha Bundi41 vimesimamishwa. Kumepokelewa malalamiko. Uchunguzi umeonyesha kwamba wamiliki wote wawili wana anwani moja ya nyumba. Mtu mmoja haruhusiwi kucheza kwa majina mawili. Mchunguzi, Bi. Strickler, atapiga simu leo saa kumi kamili kwa namba iliyoandikishwa na Bundi41, azungumze na Bw. Casimir Dudek mwenyewe, kwa sauti yake, bila msemaji, aeleze jinsi anavyochagua wachezaji. Asipopatikana, wote wawili wataondolewa fainali.

"Malalamiko," Lorna akasema. "Nani amelalamika?"

Alijua jibu. Alilijua haraka mno, kama alivyojua la Kermit na la Prentiss. Akapiga namba ya Ferris, ambaye tangu Jumamosi hakuwa akipokea. Safari hii akapokea.

"Ni wewe uliyewaandikia?"

"Ni mimi," Ferris akasema. "Jumapili ya wiki ile nyingine. Kabla hujanigeuza panya."

"Kwa nini?"

"Niliwaambia kuna mwizi anaitwa Bundi41, anaiba kikosi cha shemeji yangu, wamtafute. Nilitaka kukufanyia jambo zuri. Wamempata?"

Lorna akasema, "Wamempata. Ni kaka yako."

Kwenye simu kulisikika karakana: chuma kikigonga chuma, mtu akiita.

"Anasikia?" akauliza Ferris. "Ananisikia ninapomwambia habari za Detroit?"

"Anasikia yote."

"Nakuja," Ferris akasema, akakata.

Odessa hakuwa amekaa bure. Alikuwa ameshawaandikia waendeshaji, akieleza kiharusi, akieleza kishikwambi. Jibu lilirudi kabla ya saa tisa, fupi na baridi. Mmiliki asiyeweza kuzungumza, lilisema, ndiye hasa mmiliki ambaye mtu mwingine anaweza kumchezea. Simu ya saa kumi iko palepale.

"Na namba iliyoandikishwa ni ipi?" Lorna akauliza.

Odessa akafungua mkoba, akatoa simu nyeusi yenye ufa kwenye kona. Lorna aliitambua. Ilikuwa simu ya Caz, ile aliyoitafuta nyumba nzima mwezi wa Julai akadhani imepotea hospitalini. Akamtazama Odessa, na yale yaliyokuwa yanaanza kupona yakafunguka tena.

"Kuna kingine ulichochukua nyumbani kwangu?"

"Hicho tu," Odessa akasema. "Aliniomba."

*

Saa tisa na nusu, mzee Prentiss akakohoa.

Alisema hapendi kuingilia mambo ya watu, na ndiyo maana ameingilia machache tu. Lakini yeye mikono hana, ila sauti anayo. Mchezo anaujua tangu enzi ambazo redio zilikuwa kubwa kama kabati. Huyo Bi. Strickler hamjui Bw. Dudek kwa sura wala kwa sauti. Simu ikilia, yeye aseme ndiye, aeleze upepo na warushaji wa mkono wa kushoto, dakika tano, basi. Nani ataumia?

Lorna akamtazama Odessa. Odessa akatazama sakafu.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Lorna alikataa. Hakukataa. Aliwaza bafu. Aliwaza milango. Aliwaza kwamba ukweli wameshauandika wote, na ukweli umejibiwa kwa mistari mitatu. Wiki mbili alimtafuta tapeli katika kila uso, na sasa ilimshangaza jinsi ilivyo kazi ndogo kuwa tapeli.

"Dakika tano," akamwambia Prentiss. "Usiongeze chumvi."

Kitandani kidole kilikuwa kinafanya kazi. Kilibonyeza kwa haraka kuliko siku nzima, kikikosea, kikifuta, kikirudi.

HAPANA.

Lorna aliliona neno. Akanyoosha mkono, akakigeuza kishikwambi kifudifudi juu ya blanketi.

Caz alimtazama mkewe tu, macho yote mawili, na Lorna akaelewa kwamba amemziba mdomo mtu ambaye mdomo wake mwingine haufanyi kazi. Alielewa, na hakukigeuza tena.

Akamshika Caz bega, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anafanya hivi ili arudi nyumbani, kwamba atamwomba radhi Jumapili, Jumapili yote akitaka. Prentiss akazima redio. Odessa akasogeza pazia mpaka ukutani ili simu iweze kufika kitanda cha pili.

Simu nyeusi ikalia saa kumi kasoro dakika sita. Bi. Strickler hakuwa mtu wa kungoja saa kamili.

Lorna akaichukua, akabonyeza sauti ya nje, akanyoosha mkono kuivusha kwa Prentiss. Njia ilipita juu ya kifua cha mumewe. Ilipofika katikati, mkono wa kushoto wa Caz ulitoka chini ya blanketi ukamkamata kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo hakujua kama bado ipo, na simu ikasimama hapohapo, nusu ya njia, kati ya wanaume wawili.

"Hujambo," ikasema sauti ya mwanamke, kavu kama karatasi. "Nazungumza na Bw. Casimir Dudek?"

Mdomo wa Caz ukafunguka. Upande mmoja ulitii, mwingine ukabaki nyuma. Mshipa wa shingo ukasimama. Lorna alisahau Bi. Strickler, alisahau bafu, akamwona mumewe anasukuma kitu kutoka mbali, kitu kizito, na kitu hicho kinakuja.

"Nn," akasema Caz. "Nndi. Mi."

Na katika pumzi hiyohiyo, kwa sauti yake nzito na safi, kwa sababu alikuwa anaitazama simu tu na alikuwa ameahidi, mzee Prentiss akasema, "Naam, ndiye mimi."

Kwa mbali, upande wa pili, ikasikika kalamu ikifunguliwa.

"Samahani," Bi. Strickler akasema polepole. "Nimesikia wanaume wawili. Yupi kati yenu ni Bw. Dudek? Na yule mwingine, tafadhali, ni nani?"

Mlangoni, kofia ya Detroit mkononi na grisi bado kwenye vidole, alikuwa amesimama Ferris. Alikuwa amesikia yote. Macho yake yalitoka kwa kaka yake, yakaenda kwa mzee wa kitanda cha pili, yakatua kwenye kile kishikwambi kilicholala kifudifudi, kisha yakapanda taratibu mpaka usoni kwa Lorna.

Akaingia hatua moja chumbani, akasafisha koo.

"Mimi nitakujibu, mama," akaiambia simu.